Mkazo wa Ngozi na Mishono ya Mpasuaji

Ngozi ya mtu aliye hai imevutwa daima, mithili ya ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Ndiyo sababu ikikatwa, kingo za jeraha huachana. Mwaka 1861 Karl Langer, mtaalamu wa anatomia wa Vienna, alitoboa ngozi za maiti kwa chombo cha mviringo chenye ncha, akaona matundu yakigeuka kuwa marefu na membamba. Kwayo alichora mistari ionyeshayo upande ambao ngozi huvutwa zaidi. Mkato ufuatao mistari hiyo huachama kidogo. Uikatao huachama sana.

Kushona jeraha, basi, ni kushindana na kani. Uzi ukikazwa mno hubana mishipa midogo ya damu, na nyama iliyobanwa huweza kufa. Ukilegea, jeraha hufunguka. Aidha, mkazo hupanua kovu, na kwa baadhi ya watu, hasa wenye ngozi nyeusi, huchangia keloidi kifuani na mabegani.

Ikiwa jeraha lahitaji kani ya nyutoni 8 ili lifungwe, mishono 4 itabeba nyutoni 2 kila mmoja, na mishono 8 nyutoni 1. Lakini kila mshono huongeza matundu. Kwa hiyo zipo njia mbalimbali:

(a) Mshono mmoja mmoja. Kila mshono una fundo lake. Mmoja ukikatika, mingine hushika. Hufaa penye mkazo mdogo.

(b) Mshono wa godoro. Uzi hupita mbali na ukingo, kisha hurudi karibu nao. Pito la mbali hubeba mkazo. La karibu hulinganisha kingo. Ukikazwa mno huacha alama.

(c) Mshono wa kapi. Uzi hupita mara mbili katika jeraha, mbali na karibu kwa zamu. Kama ilivyo kwa kapi, mzigo hugawanywa kati ya mapito mawili, ingawa msuguano hupunguza faida.

(d) Mshono wa ndani. Uzi unaoyeyuka mwilini huwekwa katika tabaka la chini la ngozi.

Njia ya mwisho ina faida ya pekee. Nyuzi za juu mgongoni hutolewa kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, hali wiki ya 3 jeraha lina takriban asilimia 20 tu ya nguvu za ngozi nzima. Mshono wa ndani huendelea kushika katika kipindi hicho cha hatari. Hata baada ya miezi mingi, kovu halizidi takriban asilimia 80.

Mara nyingi mpasuaji huunganisha njia: hushona ndani kwanza, kisha juu bila kukaza.

Jaribio: Vuta kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli upande mmoja, ukipigilie ubaoni. Kata mkato mmoja kufuata mvuto, na wa pili kuukingama. Upi umeachama zaidi? Eleza sababu.