Somo: Sahani ya Dhahabu Inayopima Sumukuvu

Mwezi Machi 2021 Serikali ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini humo kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti, na mojawapo ni kwamba shehena iwe na cheti kinachothibitisha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Hiyo ni gramu moja katika magunia 1,000 ya kilo mia mia. Hakuna katibu wa chama cha msingi, Kilolo wala kwingineko, awezaye kuiona kwa macho au kuitambua kwa kunusa. Nayo huua: mwaka 1 tu, 2016, iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Miongoni mwa vyombo vinavyobuniwa ili kuigundua, kimo kile kiitwacho kipimo cha plasmoni za uso. Moyo wake ni kisahani chenye matuta madogo mno, kilichopakwa dhahabu.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1902 Robert Wood wa Marekani alimulika bamba la madini lenye mifuo mingi, akaona michirizi ya giza mahali palipotazamiwa nuru. Maelezo kamili yalipatikana miaka mingi baadaye. Ndani ya dhahabu zimo elektroni zisizofungwa mahali pamoja. Mwanga ukiangukia dhahabu iliyo laini kama kioo, hurudi tu. Lakini penye matuta yaliyopangwa kwa nafasi maalumu, mwanga wa rangi fulani ukija kwa pembe fulani huzitikisa elektroni hizo kwa pamoja, kama msukuma bembea ajuaye wakati wa kusukuma. Nguvu ya mwanga huishia humo, na mwanga unaorudi hufifia. Kitu kikinata juu ya dhahabu, hata kiwe chembamba namna gani, pembe hiyo husogea. Na msogeo huo ndio unaopimwa.

Anayetaka kuona matuta ya jinsi hiyo atazame kisahani cha DVD juani: rangi za upinde wa mvua hutokana nayo. Yameachana kwa nanomita 740, hata unywele mmoja hulala juu ya matuta yapatayo mia. Wachunguzi wengine wamevipaka dhahabu visahani hivyo na kuvitumia kweli.

Kwa kawaida hutengenezwa hivi. Kioo hupakwa dawa inayogeuzwa na mwanga, kisha miali miwili ya leza hupishanishwa juu yake, ikachora mistari ya nuru na giza. Dawa ikisafishwa, matuta hubaki. Kutokana nayo hufanywa chapa ya nikeli, ambayo hugandamiza plastiki moto mara nyingi, kama muhuri wa chama juu ya stakabadhi. Mwisho dhahabu hutandazwa ndani ya chumba kisicho na hewa, kwa unene wa makumi machache ya nanomita. Kwa kuwa hakihitaji mche wa kioo kama vipimo vingine vya jamaa yake, kisahani hiki huweza kuwa rahisi kwa bei.

Kuna tatizo. Chembe ya sumukuvu ni ndogo mno, hata ikinata peke yake pembe husogea kidogo sana. Kwa hiyo sumu hutangulia kubandikwa juu ya dhahabu, na maji ya sampuli huchanganywa na kingamwili. Zile zilizokosa sumu katika sampuli hunata kwenye kisahani; msogeo mdogo huashiria sumu nyingi.

Kazi hii bado imo zaidi maabarani, na chama kisiharakishwe na muuzaji yeyote. Hata chombo bora hupima kile kijiko cha unga kilichotiwa tu. Sumukuvu haienei sawasawa: punje chache zaweza kuchafua gunia zima, na gunia la jirani likawa safi. Bambo lichomwe katika magunia mengi, juu, kati na chini. Punje zichanganywe, zisagwe zote, ndipo sehemu ndogo itolewe. Mahindi ya Dabaga, ambako baridi huchelewesha kukauka, na ya joto la Ruaha Mbuyuni yasiwekwe katika sampuli moja, na unyevu wa kila fungu uandikwe kwanza daftarini. Ukipita asilimia 13.5, fungu hilo lirudi juani kabla ya kupimwa sumu.