Damu inatibiwa, huzuni je?

HUENDA umewahi kusikia habari ya mtoto aliyetahiriwa, damu ikatoka siku nzima bila kukoma, akakimbizwa hospitali. Mtaani husemwa ngariba kakosea, au kuna mkono wa mtu. Wakati mwingine ni kweli ngariba kakosea. Lakini wakati mwingine mtoto yule ana hemofilia, yaani kazaliwa na upungufu wa protini inayogandisha damu. Ni maradhi adimu: aina yake A, iliyo ya kawaida zaidi, humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa. Kwetu mara nyingi hufichuliwa na tohara.

Dawa zipo. Protini iliyopungua hutiwa kwa sindano, na Muhimbili iko huduma ya wagonjwa hawa. Hata tohara yawezekana, ikifanywa hospitalini baada ya mtoto kutiwa dawa hiyo. Hapo sina la kuongeza.

Ninalotaka kulijadili ni hali ya mama. Maradhi haya hupitia kwake: akiwa amebeba kasoro hiyo, kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Daktari akishalisema hilo haraka haraka, kwenye foleni ndefu, mama hurudi nyumbani na neno moja tu, kwamba kosa ni lake. Nimezungumza na mama mmoja ambaye wakwe zake walimwambia waziwazi kuwa kaleta damu mbovu katika ukoo. Tangu hapo, aliniambia, hapati usingizi mpaka amfunue mtoto na kumkagua magoti. Hakuna aliyemweleza kuwa takriban theluthi ya wagonjwa huzaliwa katika familia zisizowahi kuwa na maradhi haya, wala kwamba hakuna chakula alichokula au jambo alilotenda lililoyaleta. Na kliniki anahudhuria kila mara! Mtoto anapimwa, mama anaondoka na mzigo wake.

Kijana naye ana yake. Damu huvujia ndani ya magoti na viwiko, maumivu humkosesha shule, na akishakuwa barobaro anaanza kujiuliza nani atamwoza binti yake.

Ukitaja afya ya akili, watu hukumbuka Mirembe, Dodoma, na mazungumzo yanakufa. Ndiyo maana naona kumwandikia mama huyu barua ya kwenda hospitali nyingine hakusaidii. Hatakwenda. Aulizwe pale pale anapoletea mtoto wake.

Wenzetu wamelijaribu hili kwa maradhi mengine adimu, yaitwayo sistiki fibrosisi, ya kurithi, yanayojaza makamasi mazito mapafuni. Utafiti uliotolewa mwaka 2014, uliohusisha wagonjwa 6,088 na wazazi 4,102 katika nchi 9, ulikuta huzuni na wasiwasi ni mara mbili hadi tatu ya ilivyo kwa watu wengine. Mwaka 2016 ukatolewa mwongozo kwamba wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea wapimwe hali zao kila mwaka, na wazazi wa wagonjwa watoto nao wapimwe.

Kuanza hakuhitaji mashine. Kuna maswali mawili yanayotumika sana: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, mtu huyo anahitaji kuchunguzwa zaidi. Muuguzi anayeandika uzito wa mtoto aweza kuyauliza.

Utasema, wataalamu wako wapi? Harare walijiuliza hivyo hivyo. Tangu mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kupanga namna ya kutatua shida zake. Utafiti wa mwaka 2016, katika zahanati 24 za mji huo, ulionesha walionufaika ni wengi. Mpango huo umeshafika Zanzibar.

Nashauri kila kliniki ya hemofilia iwe na mtu mmoja wa namna hiyo, mwenye chumba chenye mlango unaofungika. Na akina baba waitwe kwa majina. Mama aliyelaumiwa nyumbani akirudi peke yake na maelezo ya theluthi ile, wakwe hawatamsikiliza. Mume aliyeyasikia kwa daktari ataweza kuwaeleza.