Somo la Mwezi: Dhamiri Inapouma

Somo hili si la kupendeza, nasi tulisita kuliandika. Lakini yasiyosemwa kanisani husemwa kwingine, tena vibaya. Twataka kunena juu ya picha za ngono zinazopatikana siku hizi katika simu za mkononi, na juu ya Wakristo wanaozitazama kisha wasipate usingizi.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja tuliyemfundisha chuoni alitujia jioni. Baada ya shikamoo alikaa kimya hata chai ikapoa. Ndipo akasema, "Mwalimu, mimi nimeharibika akili." Alikuwa hajashiriki meza ya Bwana kwa miezi minane, chakula hakimpiti, na mara nyingine alitamani asingezaliwa. Tulipomwuliza huzitazama mara ngapi, alijibu kwamba labda mara moja kwa mwezi. Kazi yake ilikwenda sawa, na nyumbani hapakupungua kitu. Sisi, kwa haraka ya kiualimu, tukamhutubia juu ya amri ya saba. Akaondoka ameinama kuliko alivyokuja.

Baadaye tulisoma. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limetaja ugonjwa wa kushindwa kuzuia tamaa za mwili. Lakini lina masharti: mtu awe ameshindwa kwa muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi, hata akaumia sana moyoni, au kazi, masomo au jamaa yake vikaharibika. Tena laongeza jambo ambalo sisi watu wa kanisa hatuna budi kulisoma mara mbili: uchungu utokanao tu na mtu kuona kwamba tendo lake ni baya hautoshi kumwita mgonjwa. Naye Joshua Grubbs, mtaalamu wa Marekani, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 2015 kwamba watu wa dini walioziona picha hizo kuwa uovu walikuwa wepesi zaidi kujiona watumwa wake, wala wingi wa kuzitazama haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Je, basi si dhambi? Hatusemi hivyo hata kidogo. (Na wale wanaoonekana katika picha hizo ni watoto wa watu, wako waliolazimishwa.) Twasema tu kwamba mwenye hatia huletwa kwenye toba, mgonjwa hupelekwa kwa daktari, na wengine wanahitaji vyote viwili.

Tusome Mathayo 27 pamoja na Yohana 21. Petro na Yuda walianguka usiku mmoja, na wote wawili walijuta. Twasahau kwamba Yuda aliungama. Alirudi kwa makuhani na fedha mkononi, akakiri kosa lake, nao hawakumjali; akaenda peke yake. Petro alibaki kati ya wenzake, na huko ziwani Bwana akamkuta. Tulipoisoma tena sura ile tulijiona wenyewe. Jioni ile sisi tulikuwa wale makuhani.

Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chamwelekeza mtu ambaye dhamiri yake haitulii aende kwa kasisi, amfungulie moyo wake kabla ya Ushirika. Desturi hiyo tumeiacha ife bure. Lakini ikiwa mtu hawezi kuacha ingawa ajitahidi, au halali majuma mengi, afike hospitali pia. Akitaja kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe siku ile ile.

Tulimtafuta yule kijana, tukamwomba msamaha. Kasisi alimsikiliza, na daktari akakuta ana sonona, akamtibu. Pasaka iliyofuata alipiga magoti pamoja nasi mezani pa Bwana. Simu bado anayo, na mara nyingine huanguka. Akianguka hutujia, nasi huweka maji ya chai jikoni.