Mnunuzi Akighairi: Mwongozo kwa Wanaouza Mtandaoni kwa Wateja wa Ulaya

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yamezoeleka kwenye kuta na risiti za maduka ya Afrika Mashariki, na wengi wanaofungua duka la mtandaoni huyahamishia humo bila kuyapima. Anayewauzia watu binafsi walioko Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya hana budi kuyafuta. Agizo la Umoja huo namba 2011/83, linalotumika tangu tarehe 13 Juni 2014, linampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, na sharti lolote la duka linalompunguzia haki hiyo halimfungi. Mwongozo huu unamlenga mfanyabiashara mdogo asiye na mwanasheria wa kudumu: anayeuza vitenge akiwa Hamburg, au anayetuma vinyago na kahawa kutoka Arusha.

Aliye Arusha atauliza kama sheria hiyo inamfikia. Inategemea duka lake linamwita nani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 593/2008, maarufu kama Roma I, humhifadhia mnunuzi kinga ya sheria ya nchi anamoishi iwapo muuzaji ameielekeza biashara yake huko, hata kama vigezo na masharti vinataja sheria ya Tanzania. Tarehe 7 Desemba 2010, katika mashauri ya Pammer na Hotel Alpenhof, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba tovuti kuonekana tu katika nchi fulani hakutoshi. Huangaliwa ishara kama vile lugha na sarafu zisizo za nchi ya muuzaji, au namba ya simu iliyoandikwa kwa ajili ya wapigaji wa nje. Ukiweka bei kwa yuro, maelezo kwa Kijerumani na gharama za kutuma Berlin, jihesabu umo.

Siku 14 hazianzi pale mteja anapolipa. Zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya mnunuzi, au mtu aliyemteua, kukishika kifurushi mkononi. Aliyekipokea tarehe 3 Machi ana nafasi mpaka mwisho wa tarehe 17 Machi, na siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, muda husogea hadi mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Oda moja ikitumwa kwa vifurushi kadhaa, hesabu huanza na cha mwisho. Mnunuzi anatakiwa awe ametuma taarifa yake kabla ya muda kwisha. Si lazima iwe imekufikia.

Jambo linalowagharimu wenye maduka kuliko yote ni kutomwarifu mnunuzi kwamba ana haki hii. Duka lisipotoa taarifa, siku 14 huongezewa miezi 12. Mnunuzi wetu wa tarehe 3 Machi ataweza kughairi mpaka tarehe 17 Machi ya mwaka unaofuata, na kwa muda huo wote hatadaiwa hata thamani iliyopotea kwa kuitumia bidhaa. Kitenge kilichoshonwa gauni na kuvaliwa harusini kinaweza kurudi, nawe ukatakiwa kulipa fedha zote. Ukigundua kosa mapema, mpelekee taarifa mara moja: siku 14 zitaanza kuhesabiwa tangu alipoipata.

Kuiandika taarifa hiyo si kazi ngumu. Kiambatisho cha Agizo kina maelezo ya mfano na fomu ya mfano ya kughairi, katika lugha zote rasmi za Umoja. Chukua ya lugha ambayo duka lako linauzia, jaza jina, anwani ya posta, simu na baruapepe, na usibadilishe maneno mengine. Ionekane kabla ya mteja kuagiza, kisha aipate tena pamoja na uthibitisho wa oda, si baadaye kuliko bidhaa yenyewe, katika namna anayoweza kuihifadhi. Kiungo pekee hakitoshi. Mahakama iliamua hivyo tarehe 5 Julai 2012 katika shauri la Content Services. Weka maandishi ndani ya baruapepe au yaambatanishe kama faili. Fomu ni msaada kwa mnunuzi, si sharti kwake: sentensi moja iliyo wazi kwamba anaghairi inatosha.

Akishaghairi, una siku 14 za kurudisha fedha, tangu siku ulipopata taarifa. Unarudisha bei pamoja na gharama za kawaida za kumpelekea mzigo. Tuseme kikoi kiliuzwa yuro 60, usafirishaji wa kawaida ni yuro 5, naye akachagua wa haraka wa yuro 15: utamrudishia 65. Tumia njia ileile aliyolipia. Vocha ya duka haikubaliki mpaka yeye mwenyewe aridhie waziwazi. Unaweza kuzuia fedha mpaka mzigo ufike au akuoneshe uthibitisho wa kuutuma, lolote litakalotangulia. Gharama ya kuurudisha ni yake, ila usipokuwa umemwambia hivyo mapema inakuwa yako. Kwa anayeuza kutoka Afrika Mashariki, nashauri kwa dhati atafute anwani ya kupokelea mizigo ndani ya Ulaya. Si haki kumwachia mnunuzi mzigo wa kutuma kifurushi Arusha kwa gharama inayokaribia bei ya bidhaa.

Bidhaa ikirudi imechakaa, unaweza kukata thamani iliyopungua, lakini kwa matumizi yaliyozidi yale ya kuijaribu tu kama mtu anavyojaribu dukani. Kufungua boksi na kupima kiatu ndani ya nyumba si kosa. Kukitembeza barabarani mpaka soli ikalika ni jambo jingine.

Zipo bidhaa zisizo na haki hii, kama vile vyakula vinavyoharibika haraka, bidhaa zilizotengenezwa kwa vipimo vya mteja, na zilizofungwa lakiri kwa ajili ya afya au usafi baada ya lakiri kufunguliwa. Usizitanue. Tarehe 27 Machi 2019, katika shauri la slewo, Mahakama ilisema godoro lililotolewa karatasi yake ya kinga bado hurudishwa, kwa kuwa linaweza kusafishwa na kuuzwa tena. Gauni la saizi ya kawaida ambalo mteja amechagua rangi tu kati ya zilizopo, hulishoni kwa vipimo vyake.

Kagua pia vitufe. Kitufe cha kuagizia kiseme wazi kwamba kubonyeza ni kukubali kulipa. Ujerumani maneno yake ni "zahlungspflichtig bestellen". Bila maneno ya namna hiyo, mnunuzi hafungwi na oda. Na kwa Agizo namba 2023/2673, kuanzia tarehe 19 Juni 2026 duka la mtandaoni linapaswa kuwa na kitufe cha kughairia, kinachopatikana kwa urahisi muda wote wa haki hiyo, na kumpa mnunuzi papo hapo uthibitisho wenye tarehe na saa.

Ujerumani, anayekubana mara nyingi ni mshindani wako au chama cha kutetea wanunuzi, kwa barua ya onyo iitwayo Abmahnung. Huja na tamko la kuahidi kutorudia, lenye adhabu ya fedha ukilivunja. Usiipuuze kwa sababu ina siku za mwisho, wala usilitie saini tamko hilo kabla mwanasheria hajalisoma.

Mwisho, anayejibu barua za wateja ajue kutofautisha kughairi na kulalamikia ubovu. Siku 14 zikishapita, bidhaa iliyofika na kasoro bado ni jukumu la muuzaji, kwa muda usiopungua miaka 2 kwa bidhaa mpya. Hapo gharama za kuirudisha, kuitengeneza au kuibadilisha ni zako.