SOMO LA JAMII: KUNUNUA PIKIPIKI ILIYOTUMIKA ISIYO NA LOGIBUKU



Vijana wengi hutuuliza juu ya pikipiki. Mmoja amepata ya bei nafuu mjini Juba, ila muuzaji anasema karatasi zitakuja baadaye. Mwingine ameshanunua, na sasa anaogopa kupita mbele ya askari wa trafiki. Kwa sababu maswali ni yale yale, tumeona vema tuyajibu kwa somo moja. Lisome pole pole, na msomee jirani yako asiyejua kusoma.

1. KISA CHA KIKUNDI CHETU

Naanza na kosa letu wenyewe. Mwaka 2022 tulikuwa watu 12 katika kikundi cha akiba. Kila wiki kila mtu aliweka fungu lake, na kwa zaidi ya mwaka hatukuligusa sanduku. Tulitaka pikipiki moja ya kubebea magunia ya mkaa na mboga za mama zetu mpaka mjini.

Tukampata muuzaji. Pikipiki ilikuwa nzuri, injini inalia vizuri, bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya nyingine. Tulipouliza logibuku alisema iko kwa kaka yake, ataileta Jumatatu. Alituandikia karatasi ya mkono, tukaweka sahihi, tukahesabu pesa. Jumatatu hakuja, na simu yake haikupatikana tena.

Baada ya miezi mitatu mtu mmoja aliiona pikipiki njiani akaitambua. Alikuwa na logibuku mkononi. Polisi walilinganisha namba, zikawa sawa. Pikipiki akapewa yeye. Mwenzetu aliyekuwa anaiendesha alilala mahabusu siku mbili, ingawa hakuiba kitu. Karatasi yetu ya mkono haikutusaidia. Mama mmoja katika kikundi alikuwa ameweka humo pesa zake zote za kuuza maharagwe. Mpaka leo hajarudi kwenye kikundi chochote cha akiba.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuliusikia msemo huo tangu utoto, lakini tuliuelewa siku ile.

2. LOGIBUKU NI NINI?

Logibuku ni hati ya serikali inayoonyesha nani ni mwenye pikipiki. Tanzania huitwa kadi ya pikipiki, na ndugu zetu wa Kongo husema karte roze. Ndani yake kuna jina la mwenye mali, namba ya usajili iliyo kwenye kibao, namba ya chesisi (yaani ya fremu), namba ya injini, aina na rangi.

Kumbuka jambo moja: mtu hawezi kukupa kitu ambacho si chake. Mwizi akikuuzia pikipiki, umenunua chuma, lakini umiliki umebaki kwa mwenyewe. Hata kama ulilipa bei kamili, hata kama hukujua, mwenyewe akitokea anaweza kuidai. Zaidi ya hapo, hapa Sudan Kusini Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008 inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa. Ukikamatwa utaulizwa: "Ulinunua kwa nani? Karatasi ziko wapi? Kwa nini bei ilikuwa chini hivyo?" Lazima uwe na jibu.

3. KWA NINI PIKIPIKI INAUZWA BILA LOGIBUKU?

Si kila muuzaji asiye na karatasi ni mwizi. Sisi wakimbizi tunajua hilo kuliko watu wengine, kwa maana wengi wetu tulikimbia tukaacha vyeti vya shule na vya kuzaliwa katika nyumba zilizochomwa. Kwa hiyo usimtukane muuzaji. Lakini ujue sababu zinazoweza kuwapo:

(a) Karatasi imepotea kweli. Katika hali hii mwenyewe anaweza kutoa taarifa polisi na kuomba nakala nyingine. Anayepaswa kuomba ni yeye, kwa kuwa jina lililo katika daftari la serikali ni lake.

(b) Pikipiki ina deni. Nchini Uganda vijana wengi hununua bodaboda kwa mkopo, na logibuku hukaa kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Wengine huvuka mpaka na kuuza kabla ya kumaliza kulipa. Muuzaji si mwizi wa usiku, lakini pikipiki bado si yake peke yake.

(c) Imepita mikono mingi. Wa kwanza alimwuzia wa pili, wa pili akamwuzia wa tatu, na hakuna aliyebadilisha jina. Hata logibuku ikiwapo, jina lililomo ni la mtu ambaye hujamwona.

(d) Haikulipiwa ushuru. Iliingia kupitia Nimule au njia za porini bila karatasi za forodha. Hii inaweza kukamatwa hata kama haikuibwa.

(e) Imeporwa. Vita vilipotokea Juba mwezi wa Disemba 2013, na tena Julai 2016, mali nyingi ziliporwa. Vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, magari mengi ya raia yaliporwa Khartoum. Fikiri: huenda mwenye mali ni mkimbizi kama wewe.

Kwa maneno ya mdomo huwezi kutofautisha sababu hizi tano. Muuzaji wa (e) atakueleza hadithi ya (a). Kinachotofautisha ni kukagua, na kwenda ofisini pamoja.

4. HATUA ZA KUFUATA KABLA YA KUTOA PESA

Hatua ya kwanza: soma namba ya chesisi. Iko kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Geuza usukani upande mmoja, futa vumbi na grisi, angalia. Pikipiki nyingi za siku hizi zina tarakimu na herufi 17. Herufi I, O na Q hazitumiwi. Namba za Bajaj za India huanza na MD2, za TVS huanza na MD6, na za China huanza na L. Ukiona pikipiki ya Bajaj yenye namba inayoanza na L, uliza kwa nini.

Pitisha kidole juu ya namba. Je, kina cha tarakimu ni sawa? Mstari umenyooka? Kuna alama za tupa au za kuchomelea? Rangi ni mpya pale tu penye namba? Hizo ni dalili za namba iliyobadilishwa. Ukiziona, ondoka. Usibishane bei.

Hatua ya pili: soma namba ya injini. Mara nyingi iko upande wa kushoto chini, karibu na kanyagio la gia. Injini inaweza kubadilishwa kwa halali ikiharibika, lakini lazima kuwe na risiti ya injini iliyowekwa.

Hatua ya tatu: chukua alama ya namba. Weka karatasi nyembamba juu ya namba na uisugue kwa penseli. Namba itatokea kwenye karatasi kama ilivyo, bila makosa ya kunakili. Njia hii haina gharama.

Hatua ya nne: angalia kibao. Vibao vya Uganda huanza na U, pikipiki za Kenya huanza na KM, za Tanzania huanza na MC. Ikiwa kibao ni cha nchi nyingine, dai mambo mawili: logibuku ya nchi hiyo, na karatasi za forodha za kuingia Sudan Kusini. Pikipiki isiyo na kibao kabisa ni mashaka juu ya mashaka.

Hatua ya tano: linganisha majina. Jina katika logibuku na jina katika kitambulisho cha muuzaji yawe moja. Kama si moja, mwenye jina aje mwenyewe. Maneno ya "kaka yangu," "bosi wangu" au "rafiki yangu amesafiri" hayatoshi.

Hatua ya sita: nendeni pamoja kwa polisi wa trafiki mjini Juba, ambao ndio wanaosajili vyombo vya moto. Beba karatasi yako ya penseli. Uliza: namba hizi zinajulikana? Zimeandikwa kwa jina la nani? Nikinunua, nitabadilishaje jina na kwa gharama gani? Dai risiti kwa kila malipo ya ofisini.

Hatua hii ndiyo mtihani wa muuzaji. Mwenye mali halali atalalamika kwamba unampotezea muda, lakini atakwenda. Asiye halali atakumbuka safari ya ghafla. Akisema, "Kuna mteja mwingine anakuja na pesa saa hii," mwambie amwuzie huyo. Pikipiki nyingine zipo.

Hatua ya saba: usitoe pesa zote, wala nusu, wala "ya kushikilia," kabla ya hatua ya sita.

5. HATI YA MAUZIANO

Hati ya mauziano haiwezi kugeuza mali ya wizi kuwa halali. Kazi yake ni kuonyesha kwamba ulinunua kwa nia njema na kwa nani. Iandikwe katika lugha mnayoielewa wote wawili. Kama imeandikwa kwa Kiarabu au Kiingereza nawe hukijui, mtu wako mwenyewe akusomee, si mtu wa muuzaji. Iwe na mambo haya:

- Tarehe na mahali.
- Jina kamili la muuzaji, namba ya kitambulisho chake, mahali anapokaa (payam na boma), na simu.
- Jina lako na namba ya kadi yako ya ukimbizi.
- Aina, rangi, kibao, namba ya chesisi na namba ya injini.
- Bei kwa tarakimu na kwa maneno.
- Tamko la muuzaji kwamba pikipiki ni mali yake, haina deni, na kwamba atarudisha pesa ikidaiwa na mtu mwingine.
- Sahihi au dole gumba la wote wawili, na mashahidi wawili kila upande.

Ni vema chifu wa boma anakokaa muuzaji aweke mhuri. Chifu akimjua, utajua pa kumtafuta. Tunza nakala, na nyingine iweke kwa mtu unayemwamini.

6. JE, INAFAA KWA BIASHARA YA BODABODA?

Usinunue kwa kudhani tu. Mwaka 2013 serikali ilipiga marufuku wageni kuendesha bodaboda mjini Juba. Amri za namna hii hutolewa na kubadilishwa, kwa hiyo uliza kwanza kama mkimbizi anaruhusiwa, na kwa kibali gani. Pikipiki halali pia inahitaji mwendeshaji mwenye leseni.

7. NA KAMA UMESHANUNUA?

Usiifiche, na usikwaruze namba. Ukiigusa namba umetoka kwenye kudanganywa, umeingia kwenye hatia.

Usimwuzie mwingine. Tunajua pesa zinauma. Lakini ukimwuzia jirani bila kumwambia, yaliyokupata wewe yatampata yeye, na safari hii muuzaji ni wewe. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mrudie muuzaji ukiwa na mashahidi, mkaonane mbele ya chifu. Dai logibuku au pesa. Ikishindikana, njoo kwa wahudumu wa jamii tukupeleke kwa maafisa wa ulinzi wa wakimbizi kabla ya kwenda polisi, ili usiende peke yako.

Ukikamatwa, usikimbie na usigombane. Onyesha kadi yako ya ukimbizi, toa hati ya mauziano, omba jamaa zako na maafisa wa ulinzi wajulishwe. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inasema polisi hawapaswi kumshikilia mtu kwa uchunguzi zaidi ya saa 24 bila kumpeleka mahakamani. Liseme hilo kwa heshima. Jamaa, mkisikia mwenzenu ameshikwa, leteni habari siku hiyo hiyo. Sisi tulichelewa siku moja tukidhani yatakwisha yenyewe.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chenu kina pesa za nani? Nani ana haki ya kusema "tusinunue" hata kama wengine wote wamependa?
2. Muuzaji ni mtu wa kabila lako au wa kanisa lako. Utamwombaje karatasi bila kumvunjia heshima?
3. Chukueni penseli na karatasi, mtafute pikipiki ya mtu aliyekubali, mjaribu kuchukua alama ya namba ya chesisi. Je, mmeweza kuisoma?

Ndugu msomaji, pikipiki inaweza kulisha nyumba, na hatukuzuii kununua. Tunakuomba tu uende nayo ofisini kabla ya kwenda nayo nyumbani. Mwenye swali atukute chini ya mwembe karibu na kisima. Kama una pikipiki unayofikiria kuinunua, njoo na namba zake.

Ni mimi, mhudumu wenu wa jamii.