Antena ya kustahimili kusi

Kati ya Aprili na Septemba upepo wa kusi huvuma Diani na Msambweni, pwani ya Kenya, ukibeba chumvi ya bahari. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu inayosukuma antena huwa mara nne. Basi kabla ya kuuliza antena inanasa mawimbi kiasi gani, uliza eneo lake linalopigwa na upepo.

Kwa bendi ya mita 20 ya redio ya ridhaa, fimbo za antena kamili aina ya Yagi hukaribia mita 10. Antena aina ya Moxon, yenye fimbo mbili zilizokunjwa ncha, hupunguza upana hadi takriban mita 7.5. Kwa nyumba ya ufuoni ningechagua hiyo.

Chumvi huua antena nyingi polepole. Alumini ya antena ikigusana na metali nyingi nyingine penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huliwa. Nunua bolti zisizoshika kutu za daraja la 316, paka viungo grisi ya kuzuia kutu, na uchague mlingoti unaoweza kulazwa chini ili uoshe antena kwa maji yasiyo na chumvi. Kamba za kushikilia mlingoti ziwe za polyesta. Nailoni hunyumbuka mno.

Jirani na uwanja wa ndege wa Ukunda, omba kwanza idhini ya urefu wa mlingoti kutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.