Jina Likifutwa, Je, Mwenyewe Hajulikani?

Kuna rai mbili zinazosikika kila yanapozungumzwa mambo ya kompyuta, simu na kumbukumbu za watu. Ya kwanza husema: "Mimi sina la kuficha." Ya pili husema: "Maadamu jina halikuandikwa, hakuna atakayenitambua." Rai ya kwanza ni ya tabia, na kila mtu ana haki ya kuwa nayo. Ya pili ni dai la hisabati, nalo hupimwa kwa hisabati. Katika makala hii tutaipima hiyo ya pili, na msomaji ataona jinsi ile ya kwanza inavyoiegemea.

Tuanze na mfano wa shuleni. Tuseme walimu wa wilaya fulani wamepelekewa hojaji kuhusu uongozi wa shule zao. Juu ya karatasi pameandikwa kwa herufi kubwa: USIANDIKE JINA LAKO. Chini yake yamo maswali: shule, jinsia, somo unalofundisha, miaka uliyokaa kazini. Mwalimu mmoja anajaza: mwanamke, Fizikia, miaka 6. Kisha anaeleza waziwazi kwamba fedha za maabara hazionekani zinakokwenda. Si shule nyingi zenye walimu wawili wa kike wa Fizikia, seuze wawili waliofanya kazi miaka 6 sawasawa. Mkuu wa shule akiiona karatasi ile, hahitaji jina. Mwalimu huyu hana uovu wowote anaouficha. Anachotaka ni kusema kweli bila kuhamishwa kituo mwezi ujao.

Kwa nini ikawa hivyo? Kila swali huwagawa watu katika mafungu. Swali la ndiyo au la, likiligawa kundi nusu kwa nusu, hupunguza watu 1,024 wakawa 512, kisha 256, na kuendelea. Baada ya maswali 10 amebaki mtu mmoja, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024. Watu wa dunia nzima wamepita bilioni 8. Lakini 2 kwa kipeo cha 33 ni 8,589,934,592. Yaani maswali 33 ya namna hiyo yangetosha kumtenga binadamu yeyote na wenziwe wote. Wanafunzi waangalie sharti lililomo: kila swali lazima ligawe nusu kwa nusu kweli, wala lisirudie habari iliyokwisha kutolewa. Ukishauliza jinsia, swali la "una ndevu?" halikuongezei mengi.

Maswali yenye majibu mengi hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo huulizwa karibu katika kila fomu, huwagawa watu katika siku 365 za mwaka, na tukichukua miaka 80 ya umri tunapata vijumba 29,200. Ukiongeza jinsia, vijumba vinakuwa 58,400. Katika mji mdogo wa watu 30,000, vijumba ni vingi kuliko watu, na wakazi wengi watakuwa peke yao ndani ya kijumba.

Jambo hili lilidhihirika katika jimbo la Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1990. Tume iliyosimamia bima ya afya ya watumishi wa jimbo iliwapa watafiti kumbukumbu za matibabu za watu wapatao 135,000. Majina yalikuwa yamefutwa, lakini tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta viliachwa. Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, yenye majina pamoja na habari zilezile tatu. Gavana William Weld alikuwa mkazi wa mji huo. Watu 6 tu katika orodha walizaliwa tarehe moja na yeye. 3 kati yao walikuwa wanaume. Na mwenye msimbo wake wa posta alikuwa yeye peke yake. Kumbukumbu zake za matibabu zikawa wazi. Kwa kutumia sensa ya 1990, Sweeney alikadiria kwamba habari hizo tatu zilitosha kuwabainisha asilimia 87 ya Wamarekani. Mwaka 2006 Philippe Golle alirudia hesabu kwa sensa ya 2000, akapata asilimia 63. Tarakimu imeshuka, lakini sidhani kama kuna atakayefarijika.

Simu ya mkononi nayo haihitaji jina. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchunguzi wa miezi 15 ya nyendo za wateja wa simu milioni 1.5, zikiwa hazina majina. Kujua tu mahali pa mtu kwa kiasi cha mnara wa simu, katika saa 4 mbalimbali, kulitosha kuwatenga asilimia 95 yao. Yamkini jirani yako anazijua saa nne kama hizo: kazini, sokoni, msikitini au kanisani, na nyumbani.

Je, basi tusikusanye habari? Hapana. Daktari John Snow wa London, mwaka 1854, alitia alama katika ramani vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba, vikaonekana vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Angalipewa jumla ya mji mzima tu, asingaliona kitu. Sayansi huhitaji undani, na undani ndio unaomfichua mtu; hapo pana mvutano usiokwisha kwa sheria peke yake, ingawa Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Sheria zote mbili hazikuishia kwenye jina. Zinamtaja mtu anayeweza kutambulika. Watafiti wengi huuliza tarehe ya kuzaliwa kwa mazoea, ilhali rika la miaka kumi kumi lingetosha kabisa. Hojaji ya mwalimu wetu nayo ingeuliza "Sayansi au Sanaa", na "chini ya miaka 10 au zaidi".

ZOEZI. Shule ina wanafunzi 480, vidato 4, wavulana na wasichana. Ukiuliza kidato, jinsia na mwezi wa kuzaliwa, unapata vijumba 96, wastani wa wanafunzi 5 kila kimoja. Ongeza siku ya juma aliyozaliwa mtu: vijumba 672. Usidhani kila mmoja sasa yuko peke yake. Ikiwa wametawanyika kwa bahati tu, uwezekano wa mwanafunzi kuwa peke yake ni 671/672 kwa kipeo cha 479, yaani karibu 0.49. Hakikisheni kwa kutumia logi. Mwalimu atakayelifanya zoezi hili kwa vitendo atumie vikaratasi, navyo vichomwe moto mbele ya darasa mara hesabu ikikamilika.